Rimoti Nyingine Siku ya Posa Yangu

"Shemeji, droni haishiki rimoti!"

Cadet alikuwa amesimama dirishani, jasho linamtiririka. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi Winifrida, nimefungwa vitenge hadi kupumua kwa shida. Kwetu Nyakitonto, siku ya posa mwali hatoki mpaka aitwe. Na mposaji hafungui mdomo. Msemaji wake ndiye anamwongelea, mpaka baba mkwe akubali na mtungi wa pombe ya ndizi uonjwe. Basi Leonidasi wangu, aliyekuja na wazee wake na mitungi minne kutoka Kitahana, alikuwa uani kimya, na droni alimwachia rafiki yake Cadet.

Leonidasi anarusha droni kwenye harusi za watu, Kibondo mpaka Kasulu. Ikiharibika, fundi ni mimi.

"Betri?"

"Imejaa."

"Antena hazijakatika?"

"Nzima zote."

"Taa ya risiva inapepesa au imetulia?"

"Imetulia."

"Zima rimoti."

Akazima.

"Sasa?"

"Bado imetulia, shemeji."

Taa ikitulia, maana yake risiva, kipokezi cha droni, imekamata rimoti. Yetu imezimwa. Sasa imekamata ya nani?

"Nipe hapa."

"Ewe mwana! Na hivyo vitenge?" Shangazi alinong'ona, lakini droni nilishaishika.

Ijumaa iliyopita niliiunganisha na rimoti yetu kwa mikono yangu, nikapaka rangi ya kucha juu ya skrubu ya kifuniko. Ndiyo alama yangu. Rangi ilikuwa imebanduka. Mtu kafungua, kabonyeza kitufe cha kuunganisha, kaipa risiva rimoti nyingine. Na droni hii hailali popote ila kwa Leonidasi.

Nikamtumia meseji:

"Nani kafungua droni?"

Kwenye upenyo wa pazia nilimwona akiinamia simu mapajani.

"Hakuna mpenzi. Labda joto"

"Ile rimoti yako ya zamani iko wapi?"

"Si nilikwambia iliungua"

"Niapie."

"Naapa kwa Mungu. Tulia mpaka uitwe"

Sikusubiri kuitwa. Nilitoka na droni mkononi.

Msemaji wao alikatiza methali yake katikati. Baba yangu, mzee Niyomwungere, akaniangalia kama hanijui.

"Uwimana, nani kakuita?"

"Hakuna, baba. Nisamehe. Kuna mtu hapa ana rimoti ya droni hii, na imewashwa. Naomba aizime tu, nione."

Watu wakatazamana. Leonidasi akatikisa kichwa, ananisihi kwa macho. Nikatamani sana niwe nimekosea.

Taa ikaanza kupepesa.

"Ni miye," sauti ikatoka nyuma ya majirani.

Dada mmoja akasogea mbele, kavaa gauni la kanisani. Mkononi ana rimoti, na kwenye antena ile selotepu ya kijani niliyoifunga mwenyewe mwaka jana. Kumbe haikuungua.

"Naitwa Chantal. Natoka kambi ya wakimbizi, Nyarugusu. Leonidasi aliniambia leo anakuja kupiga picha za posa ya bwana mmoja. Jana nikasikia bwana mwenyewe ni yeye."

"Hiyo rimoti kakupa lini?"

"Jumatano. Aliunganisha mbele ya macho yangu. Akasema, 'Chantal, tutarusha pamoja, utakuwa mke wangu.' Sikukuja kupigana, dada. Nilitaka tu isiruke."

Nikaelewa yote. Alifungua mwenyewe ili amfurahishe mwenzangu, halafu akasahau kuirudisha kwenye rimoti yetu. Angekumbukaje? Kazi ya kurudisha siku zote ilikuwa yangu.

"Wazee," msemaji wao akajikohoza, "ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kijana ameteleza kidogo..."

Baba akainua mkono.

"Mtungi haujaonjwa. Kwa hiyo bado hatujasema neno." Akamgeukia Leonidasi. "Kijana, mila imekufunga mdomo. Leo mimi nakufungua. Simama. Mwambie binti yangu ukweli."

Leonidasi akasimama. Akaniangalia mimi, akamwangalia Chantal. Akashusha macho, vidole vikacheza kwenye simu.

Yangu ikalia mkononi.

"Nisamehe mpenzi. Nitakueleza tukiwa wawili"

Nilimpenda mwanaume yule, sitadanganya. Hata dakika ile nilikuwa nampenda, na ndicho kilichoniuma kuliko Chantal. Mtu kapewa ruhusa ya kusema mbele ya ukoo mzima, kanitumia meseji!

Nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Mama yake akajifunika kanga usoni.

"Uwimana," baba akauliza taratibu, "tuonje?"

"Hapana, baba. Mitungi irudi."

Nikamwekea Leonidasi droni yake mapajani, taa bado inapepesa. Chantal naye akaja, akaweka rimoti juu yake.

"Miye pia sitaki," akasema.

Mitungi minne ikapandishwa kwenye gari ikiwa imejaa vilevile, ikarudi Kitahana. Shangazi Winifrida akanifungua vitenge huku analia, na Chantal tukamkaribisha ndani, maana alikuwa hajala tangu asubuhi.