Tembo la Mguu wa Kushoto

Siku za mechi nyumbani kwetu Chaani palikuwa hapakaliki. Nilichota maji, nikafagia, nikabandika mihogo, na kila mara mtu anapiga hodi: "Nyevu, mjomba wako ameamka?"

Mjomba Ngowa, ndugu wa mama yangu, alicheza pembeni kushoto katika timu ya Nyota ya Chaani. Jamani, mtu yule alijua mpira! Alicheza miguu mitupu, na mpira ukifika mguu wake wa kushoto ulitulia kama kuku aliyeatamia. Mabeki wa Likoni walimkimbilia wakajikuta wamekaa chini, hata mashabiki wao wakacheka. Yote hayo alijifunza Mikindani utotoni, kwa mpira wa matambara.

Lakini alipotoka vita vya Burma, usingizi ulimkataa. Alikuwa akishtuka na kupiga kelele. Tembo la mnazi ndilo lililomlaza, naye akalizoea. Alipochaguliwa mara ya kwanza kwenda Nairobi na timu ya Pwani, gari la moshi liliondoka yeye amelewa chakari.

Na sisi watu wa Chaani ndio tuliomzidishia! Mzee Gona, mgema wa jirani, alimletea kibuyu kila siku ya mechi. Alikiita tembo la mguu wa kushoto, na watu wakapiga makofi. Mjomba hakuthubutu kukataa. Kwetu, ukikataa kibuyu cha mzee ni kama umemwambia usoni kwamba amekutilia sumu. Ndiyo maana mwenye kukileta huonja kwanza, ndipo mwingine hunywa.

Jumamosi moja ya mwaka 1947, nahodha wa timu, Ishaka Boga, alifika asubuhi.

"Ngowa, leo wachaguzi wa timu ya Pwani watakuja kututazama. Nimekutetea mpaka nimechoka. Wallahi, ukinuka tembo, fulana yako nampa mwingine, na mazoezini usije tena."

"Nimesikia, ndugu yangu," Mjomba alijibu.

Ishaka hajafika mbali, nikasikia naitwa uani.

"Nyevu!"

"Abee, Babu Gona! Shikamoo."

"Marahaba. Nina minazi sijaigema bado. Mpelekee mjomba wako dawa yake."

Nilikipokea kibuyu, mrija umesimama katikati ya povu. Nilikasirika sana. Ningekimwaga, Mzee Gona angekuja na kingine. Nikaingia ndani, nikapiga magoti.

"Mjomba, salamu za Mzee Gona."

Alikitazama, akameza mate, akanyoosha mkono.

"Ngoja," nikasema. "Mwenye kuleta huonja kwanza. Nimeleta mimi."

Nikautia mrija mdomoni.

Mjomba aliruka! Mguu ule ule wa kushoto ulikipiga kibuyu mpaka ukutani, tembo likatapakaa sakafuni.

"Una wazimu wewe? Kitu hiki si cha mtoto! Kitakuharibu!"

"Na wewe je, Mjomba? Kinakutengeneza?"

Alikaa chini akafunika uso, na nikaona machozi yakipita kati ya vidole. Nililia na mimi, maana nilimpenda sana.

Mzee Gona alisikia kishindo, akaja mbio. Alipoona kibuyu kimepasuka, akafoka: "Kumbe mimi ni mchawi, Ngowa?"

Bibi yangu akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Gona, tembo lako ni zuri, hatukatai. Basi mpe Nyevu naye anywe, tuone."

"Ah! Mtoto huyu? Hata kidogo!"

"Na Ngowa ni mtoto wangu," Bibi akasema.

Mzee Gona akaokota vipande vya kibuyu chake, akaenda zake.

Mjomba alikula mihogo yote, akaoga, akaenda uwanjani. Ishaka alimsogelea, akamnusa waziwazi, akampa fulana. Kipindi cha kwanza alitokwa jasho na kukosakosa, moyo wangu ukawa juu. Kipindi cha pili aliuchukua mpira pembeni, akawapita watatu, akapiga kwa kushoto. Golikipa hakuinua hata mkono. Chaani nzima tulipiga mayowe!

Alichaguliwa. Wiki ile bado alishtuka usiku, lakini Bibi aliketi naye mpaka kulipokucha.

Siku ya safari tulijaa kituo cha Changamwe. Mara Mzee Gona akatokea, kibuyu kipya mkononi. Ishaka akakunja uso. Mzee akaonja kwanza, kisha akanipa mimi.

"Onja, Nyevu."

Nilionja kwa hofu. Kumbe maji ya dafu, matamu, baridi!

"Nilidhani nampenda Ngowa," Mzee Gona akasema, watu wote wakisikia. "Kumbe nilikuwa namharibu kwa makofi. Nanyi watoto, sikieni: mtu ukimpenda, usimpe kitu unachoogopa kumpa mwanao."

Mjomba akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akapanda gari la moshi.