Kiti Kisichojikunja

Viti vya sinema ya Zuhura vina springi. Mtu akiinuka, kiti nacho hujikunja, pa, hata kabla hajaokota mkoba wake. Ndivyo vilivyo vyote, mia mbili na kumi. Lakini Alhamisi moja ya mwezi wa Rajabu, wanawake walipokwisha kutoka, Mwende mkagua tiketi alipita akiokota vikopo vya bisi, akakuta kiti kimoja cha safu ya nyuma kabisa, cha pembeni, kimebaki chini. Akakiinua kwa goti. Kikapanda, kisha kikashuka tena polepole, kikatulia vile kinavyotulia kiti kilichokaliwa na mtu mzito. Pakanuka marashi ya halwaridi, na taa zilikuwa zote zimewashwa.

Mwende si mwoga. Mtu aliyetoka Ukambani na sanduku moja akapata miaka kumi na tisa Mombasa hatishwi na kiti. Alikwenda ofisini kumwambia Fadhiya, ndiye meneja, kwamba springi imekufa na fundi aitwe. Fadhiya hakuinua uso. Alimjibu kwamba kile kiti kisiguswe, tiketi yake isikatwe, na asiulizwe tena habari zake. Springi haikuwa na neno. Fadhiya alimjua aliyekikalia, kwa sababu ndiye aliyemwalika.

Na kabla hujamrushia mawe, sikiliza kwanza yaliyomfika.

Jumba la Zuhura aliliacha marehemu baba yake, pale ukishatoka vichochoro vya Mji wa Kale ukakutana na barabara ya magari. Kila Alhamisi alasiri ni onyesho la wanawake peke yao. Ukutani mlangoni pana misumari ya kutundika mabuibui. Mwanamke huingia, akavua, akakaa na dera lake na asumini zake kichwani, akacheka kwa sauti yake mwenyewe bila kujiangalia. Hata mashine ya kuonyeshea huendeshwa na mwanamke siku hiyo. Wako mabibi wanaohesabu wiki kwa Alhamisi hiyo tu. Bi Sheikha, mama yake Fadhiya, hajaikosa tangu usichana wake, na sasa ambapo magoti yamemkataa huletwa na tuktuk mpaka chini ya ngazi, akashikwa mkono na binti yake hadi kiti chake cha safu ya nne.

Basi wakaingia wezi. Ndiyo, wezi. Asije mtu akaniambia wale ni wateja. Mwizi wa kuku huona haya akikutwa na manyoya. Hawa hukutazama usoni. Huficha simu ndani ya kopo la bisi, ndani ya mtandio, wakairekodi sinema yote kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, na Jumamosi haijafika inauzwa vibandani kwa flashi. Wasilolijua, au wasilolijali, ni kwamba kila sinema inayotumwa Zuhura ina alama ndani yake zisizoonekana kwa jicho, na kampuni ya Nairobi inayowapa sinema hizo huzisoma ikajua imeibwa jumba gani na saa ngapi. Barua zilikwisha kuja mbili. Ya pili ilisema nakala nyingine moja tu, na Zuhura haipewi tena sinema. Bila sinema hakuna Alhamisi, na misumari ile ya mabuibui ingebaki kutundikwa vumbi.

Lililomchoma Fadhiya zaidi si barua. Ndani ya moja ya nakala hizo, chini ya picha, alionekana bibi harusi wa miezi miwili amesimama kupisha mtu, kichwa wazi, anacheka. Picha ile ilimfikia mumewe. Yule mwanamke alirudishwa kwao, na mpaka leo yuko huko.

Fadhiya alijaribu ustaarabu kwanza. Aliandika tangazo, akamweka Mwende apekue mikoba, akasimama mbele ya watu akawaomba kwa jina la marehemu baba yake. Wakaitikia inshallah, inshallah, wakarekodi. Kinara wao alikuwa Nasiha, mwenye kibanda cha simu, mwanamke wa maneno mengi na pete nne. Alipokamatwa mara ya pili hakuificha hata simu.

"Kwani nimebeba ukuta wenu?" alimwambia Fadhiya, bisi tele mdomoni. "Picha ni mwanga, dadangu. Mwanga wakwisha ukitazamwa?"

Safu nzima ikacheka. Fadhiya alirudi ofisini, akaubamiza mlango. Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hawakuwa na jumba la sinema.

Usiku haujaingia alikuwa amekwisha fika kwa Mejumaa. Mejumaa ni fundi wa majini na mapepo, mama wa Kidigo anayekaa chumba cha nyuma katika kichochoro ambacho hata tuktuk haipiti. Hana kibao mlangoni wala hahitaji. Fadhiya alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akaeleza yote kwa pumzi moja. Mejumaa alitia ubani chetezoni.

"Yuko jini mmoja," alisema. "Kazi yake ni ulinzi. Halali, hajapata kulala tangu aumbwe, na hilo ndilo linalomfanya mkali. Ataka kiti kimoja na halwaridi kila Alhamisi, basi. Lakini wenyeji hutajwa kwanza, mwanangu. Watu wako mmoja mmoja, jina lake na jina la mama yake, ili awajue. Ndipo nimwambie adui ni nani."

Hapo ndipo Fadhiya alipokosea. Alikuwa bado anasikia kicheko cha ile safu masikioni.

"Sina wa kutaja," alijibu. "Anayeelekeza simu kwenye skrini yangu ni mwizi. Asiachwe mtu. Hata akiwa mama yangu mzazi."

Mejumaa alimtazama sana. Alimwambia aende, alale, arudi kesho hasira ikiwa imepoa. Fadhiya alisema ni leo au basi. Na Mejumaa, ambaye naye ni mtu na huchoka kubishana, akafanya la leo.

Alhamisi iliyofuata ile ya kiti, Nasiha alikuja kama kawaida yake, akakaa katikati, pembeni mwa njia. Sinema ilipokolea alichomoa simu ndani ya mtandio. Fadhiya alikuwa amesimama kando ya pazia la mlangoni, akamwona, na mara hii hakusogea. Nyuma kabisa, gizani, kitu kikalia pa. Kiti cha pembeni kilikuwa kimejikunja.

Kisha kikashuka kiti kitupu cha safu ya mbele yake, kikapanda. Kikashuka cha safu iliyofuata, kikapanda. Wanawake waliokaa karibu waligeuka kutazama nani anahamahama, wasione mtu, wakarudia sinema yao. Harufu ya halwaridi ikawa inateremka taratibu ule mteremko wa ukumbi, na kando ya Nasiha kiti kitupu kikashuka, na hicho hakikupanda.

"Nani kakaa hapa?" Nasiha alinong'ona.

Alipoitazama simu yake, haikuwa ikionyesha sinema. Ilionyesha uso wake mwenyewe, umetazamwa kwa ubavuni, karibu sana, kwa kimo cha mtu aliyekaa kiti cha pili. Akaitupa chini. Akataka kufumba macho asione zaidi, na macho hayakufumba.

Hayakufumba siku ile wala siku ya pili. Daktari alimpa dawa ya matone, shangazi zake wakamfunga kitambaa, na chini ya kitambaa macho yalikaa wazi, yanatazama. Siku ya tisa bila usingizi mama yake alikuja Zuhura, akavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, akaomba radhi.

Tuseme ukweli: Fadhiya aliona raha. "Mwambie picha ni mwanga," alimjibu yule mama. "Mwanga haumdhuru mtu."

Wakanaswa wengine wawili kabla habari haijaenea. Wa pili alistahili, kama kuna anayestahili. Wa tatu alikuwa msichana wa chuo aliyepigiwa simu na mchumba wake, akaigeuza kidogo amwonyeshe ukumbi ulivyo. Huyo naye alitoka kashikwa mikono, macho kodo. Mwende alikuja ofisini siku hiyo bila kubisha hodi. Alisema yeye ni Mkristo na mambo haya hayajui, lakini mtoto yule hakuiba kitu, na kama meneja anajua lolote aliseme. Fadhiya alimjibu kwamba mtoto huyo angeikata tu ile simu.

Nakala zikakoma. Barua ya tatu kutoka Nairobi ilikuwa ya pongezi. Fadhiya aliibandika ukutani, akaisoma kila asubuhi, na kila Alhamisi akakinyunyizia kile kiti halwaridi kwa mkono wake, akihisi joto la mtu chini ya vidole. Hakumwambia mama yake. Bi Sheikha husikia nusu ya yanayosemwa na nusu ya pili hajali. Maneno ya mjini kuhusu macho yasiyofumba aliyaita upuuzi wa watu wasio na kazi.

Alhamisi ya mwisho ya Shaabani ililetwa sinema ya kale, iliyosafishwa upya, yenye wimbo ambao mabibi wote waliujua tangu usichana wao. Ukumbi ulijaa nusu. Wimbo ulipoanza wakauimba, wengine wakifuta machozi kwa ncha za leso, na Fadhiya pale pazia naye akacheka, mara ya kwanza kwa miezi. Ndipo alipomwona mama yake, safu ya nne, anapapasa kifuani. Bi Sheikha alitoa simu, ile ile aliyonunuliwa na Fadhiya, akabonyeza kama alivyofundishwa na wajukuu, na uso wa dada yake mkubwa ukatokea, yule aliyelala kitandani Lamu mwaka wa tatu sasa, ambaye zamani walikuwa wakija naye hapa wameshikana mikono. Bi Sheikha akaigeuza simu, akaiinua juu kwa mikono miwili kuielekea skrini.

"Waona, dada?" alisema kwa upole. "Ndio ule wimbo wetu."

Nyuma kikalia pa.

Fadhiya alikimbia, na kukimbia kwenyewe kulikuwa kama kwa ndotoni, kwa maana upande wake wa kulia viti vilikuwa vikishuka na kupanda, kimoja kwa kila hatua yake, wala havikuharakisha wala havikuchelewa, na harufu ya halwaridi ilikuwa imemtangulia ikamjaa puani na kooni, na wanawake walikuwa wakiimba na kupiga makofi na hakuna aliyegeuka, na akilini mwake alikuwa akilitaja jina la mama yake na la mama wa mama yake, Sheikha binti Nasra, Sheikha binti Nasra, mara ya kumi, mara ya ishirini, kama alivyotakiwa alitaje katika kile chumba cha kichochoroni akakataa, na viti viliendelea kushuka, safu ya kumi, safu ya nane, safu ya sita, hata akaona kiti kitupu kando ya mama yake kinaanza kuinama taratibu kupokea uzito, na mama yake angali anatabasamu, anasubiri jibu la dada yake.

Akampokonya simu. Angeweza kuizima, kidole kilikuwa juu ya kitufe, lakini alijua kuzima hakusaidii. Yule msichana wa chuo aliizima pia. Alijua mlinzi wake humshika mwenye simu mkononi. Basi akaiinua juu, mbele ya mama yake, akaielekeza skrini.

"Si yeye," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Mkono ni wangu."

Kiti kikatulia. Katika kioo cha simu uso wa mamake mkubwa ulikuwa umeondoka, na mahali pake Fadhiya alijiona yeye, ubavuni, karibu sana.

Bi Sheikha alimshika goti. "Fadhiya," alinong'ona, "nani huyu akaaye nasi?"

Mejumaa aliitwa jioni ile ile. Alifukiza ukumbi mzima, safu kwa safu, akakaa mbele ya kiti cha nyuma mpaka adhana ya isha, akizungumza kwa lugha ambayo Mwende, aliyeshika chetezo, hakuielewa. Alipoinuka alionekana mzee kuliko alivyoingia.

"Nimemwomba aondoke," alimwambia Bi Sheikha. "Aniuliza amekosea wapi. Aliyeonyeshwa kamkamata. Wenyeji hakutajiwa."

"Mtajie sasa," Bi Sheikha alisema. "Mtajie mwanangu."

"Mwanao alipewa nafasi hiyo, Bi Sheikha, akaifunga yeye mwenyewe. Mimi sina ufunguo wake."

Sasa ni siku ya arubaini. Barua ya Nairobi bado iko ukutani, onyesho la wanawake bado lipo, na hakuna anayethubutu kutoa simu hata kutazama saa. Alhamisi zao Fadhiya na mama yake hukaa safu ya nyuma, Fadhiya kiti cha pili kutoka pembeni, Bi Sheikha na bakuli la maji mapajani. Hulowesha ncha ya leso, akamkamulia binti yake machoni, tone hapa, tone pale, asiangalie sinema wala asisikie wimbo. Kila akimaliza humuuliza kama ameweza kulala, hata kwa punje, na Fadhiya hutikisa kichwa.

Lakini Alhamisi iliyopita hakutikisa. Alikuwa ametazama kiti cha pembeni, kile kisichojikunja, na mama yake akamuuliza aona nini.

"Namwona," Fadhiya alisema. "Nimeanza kumwona tangu juzi."

"Afanyaje?"

Fadhiya alimgeukia mama yake. Macho yake mekundu yalikuwa makavu tena.

"Amefumba macho, mama," alisema. "Amelala. Anakoroma usingizi wetu sote."