Mbegu za Mtapo

Kila jioni baada ya shule, Kamusi alimwagilia maua uani huku mdogo wake, Kijiko, akimfuata kama mkia. Dada mtu aliitwa Kamusi kwa sababu darasani hakuna swali lililompita. Mdogo aliitwa Kijiko kwa sababu hakuna kitu ambacho hakikufika kinywani mwake.

"Dada, huu mti gani?" Kijiko aliuliza jioni moja, akionyesha mmea mfupi kando ya ukuta. Ulikuwa na shina moja, majani kama makuti, na katikati mbegu nono za rangi ya machungwa.

Kamusi hakuujua. Lakini kutamka "sijui" kwake kulikuwa kama kumeza mwiba.

"Ni jamaa ya mnazi na mtende. Huoni makuti? Kula, hizo ni kama tende."

Kijiko akatafuna. "Mbona chungu?"

"Ulimi wako ndio haujasoma!"

Kabla jua halijazama, Kijiko alikuwa akitapika bila kupumzika. Mama alimbeba mbio hadi zahanati, Kamusi akiwafuata nyuma.

"Amekula nini?" aliuliza daktari, mwanamke wa makamo.

"Chakula tulichokula sote," mama alijibu akihema. "Kamusi, wewe ulikuwa naye. Amekula nini kingine?"

"Sijui, mama."

Neno lililomshinda kule uani sasa lilimtoka upesi, tena la uongo.

"Basi huenda ni tumbo la kawaida," daktari alisema. "Nitampa dawa, mrudi naye nyumbani."

Kijiko akamshika dada yake kidole. Mkono wake ulikuwa baridi, macho yamezama. "Dada, tumbo linaungua..."

Kamusi aliangua kilio. "Daktari, nimedanganya! Nilimlisha mbegu za mti!"

"Mwanangu, umeniua!" mama alipiga ukelele.

"Mti gani?" daktari aliuliza.

"Sijui. Haki ya Mungu, sijui!"

"Kimbia ukalete jani na mbegu. Haraka!"

Alikimbia kama anayefukuzwa. Aliporudi, daktari aligeuza jani mara moja tu. "Mtapo! Sumu yake hushambulia ini. Muuguzi, mkaa wa dawa wa kufyonza sumu, na dripu, sasa hivi! Mtoto huyu haondoki hapa."

Mama aliketi kitandani kwa Kijiko, akampa Kamusi mgongo. Kamusi alitamani mama amchape, kwani mgongo ule uliuma zaidi. Hata kulipokucha alikuwa bado amekaa sakafuni, akihesabu pumzi za mdogo wake. Siku zikapita, vipimo vikarudiwa, hatimaye ini likaonekana salama.

Daktari aliliweka lile jani mapajani mwa Kamusi. "Makuti yalikudanganya. Mnazi na mtende hutoa maua, na mbegu zao hukaa ndani ya tunda. Mtapo hauna ua wala tunda. Mbegu zake hukaa wazi, kama ulivyoziona uani. Msonobari ni ndugu yake wa karibu kuliko mnazi. Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kujifanya unajua, kisha kuficha. Ungenyamaza zaidi, tungempoteza."

Kijiko akainua kichwa, akaitazama chupa ya dripu. "Dada, hayo maji gani?"

Kamusi akafuta machozi. "Sijui, Kijiko. Hebu tumuulize daktari."