Misa ya Marehemu Ann

"Jerusha, nani huyo anakupigia?" Philip aliuliza, mkono wake bado uko gotini kwangu.

"Namba ya Kenya. Imekata. Ngoja, imetuma meseji."

Nikaisoma kwa sauti, mjinga mimi:

"Mimi ni Ann, mke wa Philip. Leo padri amesoma jina langu misa ya wafu nikiwa nimeketi benchi la tatu. Namba yako iko kwenye barua uliyoandikia parokia. Dada, nani alikuambia nimekufa?"

Mkono ukaondoka gotini.

Tulikuwa kwangu Azaiba, siku kumi kabla ya harusi. Mwaka uliotangulia, 2003, Philip alikuja akilia kwenye Udugu wa Huruma, chama chetu Wakatoliki wa Kenya hapa Muscat. Mwenzetu akifiwa, tunasali rozari siku tisa, kisha katibu anaandikia parokia ya nyumbani kwao ili jina lisomwe misani. Katibu ni mimi. Nilimlilia Ann siku zote tisa bila kumjua. Siku ya tisa, mgane wake akanishika mkono.

"Barua si nilisema nitaituma mimi!" Philip alifoka.

"Mwaka mzima hukuituma. Niliona haya kuolewa kabla marehemu hajapewa haki yake. Nikaandika nyingine."

"Jeru, tuliachana kitambo. Kwangu mimi alishakufa."

"Si ungesema mmeachana!"

"Kanisa halingetufungisha ndoa. Nakupenda, ningefanya nini?"

"Na cheti cha kifo ulichompa padri?"

Akaigeuza simu yangu kifudifudi mezani.

"Ivy wetu wa chama alikuwa na mimba ya miezi saba, Philip. Alipiga magoti siku tisa kwa ajili ya mtu aliye hai! Na mimi nilikupikia ukila huku unajifuta machozi. Toka."

"Jeru, aki ya Mungu..."

"Toka!"

Ijumaa, siku ya mapumziko hapa, baada ya misa niliwasomea wanachama ile meseji. Aibu ilinichoma hadi masikio. Tony, mwenyekiti, akafungua kitabu cha marehemu, akafuta jina la Ann.

"Sasa zile rozari zetu?" Ivy aliuliza.

Nikamtumia Ann swali hilo pamoja na samahani yangu. Jibu lilikuja kabla hatujafunga mlango:

"Msizifute. Tangu Philip aende Oman, hakuna mtu aliyewahi kuniombea."

Nikamlilia tena, safari hii nikimjua.