Matusi ya Muuza Nyama

Kila jioni, akishaosha vyombo, Kasuku alikaa kizingitini na kuandika. Walimpa jina hilo la utani kwa kuwa aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Ndani, mama yake, fundi cherehani, alishona nguo za wateja, na mdogo wake wa miaka minne, Kitinda, alichezea vipande vya vitambaa.

Wiki ile Kasuku alikuwa akiandika mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi shuleni. Ulihusu mteja anayemrudishia muuza nyama nyama iliyooza. Wenzake darasani walikuwa wamemwambia, "Watukanane bwana, ndiyo tutacheka!" Basi akaandika matusi, tena ya nguoni, mstari kwa mstari. Mama na bibi yao, aliyeishi nao, wakitoka, Kasuku aliyasoma kwa sauti nzito ya muuza nyama, na Kitinda alicheka mpaka akagaagaa.

Jumamosi, mteja mmoja alikuja kujaribu gauni. Bibi alimshika Kitinda ili amfute kamasi. Mtoto akajinasua, akashika kiuno, akamporomoshea bibi yake tusi zima, kwa sauti ileile nzito.

Cherehani ikanyamaza. Mteja akatazama ukutani. Bibi alibaki na kitambaa mkononi, kisha akaingia chumbani. Kitinda alitabasamu, akingoja kuchekewa.

Lile neno Kasuku alilolifurahia, sasa likitoka katika kinywa chenye meno ya utoto, lilinuka.

"Limetoka wapi hilo?" mama aliuliza.

"Kwangu, mama."

Mama alikunja uso kana kwamba amekanyaga uchafu. "Nenda kwa bibi yako."

Kasuku alipiga magoti mlangoni. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusikia," bibi alijibu, bado amempa mgongo. "Uliyemfundisha hayo, mfundishe na kuyaacha."

Haikuwa rahisi. Kitinda alilirudia neno lile mara kadhaa, na kila mara Kasuku alimwambia, bila kucheka, "Sema: sitaki, bibi."

Jumatatu alimpelekea mwalimu wa Kiswahili mchezo wake. Mwalimu alisoma ukurasa mmoja, akaushika kwa ncha za vidole.

"Mbona umeuvundisha hivi?"

"Lakini mwalimu, watu wakigombana ndivyo wanavyosema."

"Kweli. Na wengine hupenga kamasi palepale. Mbona hilo hukuliandika?" Mwalimu akamrudishia ukurasa. "Mwandishi huchagua. Neno chafu likiingia kwenye hadithi, liwe na kazi ambayo neno jingine haliiwezi. Haya, futa matusi yote, unionyeshe kilichobaki."

Kasuku alifuta. Kilichobaki ni "Wewe!", "Wewe nani?" na "Toka!" Hata nyama yenyewe haikuwemo. Uso ulimshuka kwa aibu.

Alipotoka shule alisimama ng'ambo ya duka la nyama, akatazama: nzi kwenye ndoano, kisu kinavyofutwa kwenye aproni, namna muuzaji anavyokwepa macho ya mteja. Akaenda nyumbani kuandika upya.

Siku ya wazazi, mteja wa mchezoni hakupiga kelele. Alifungua mfuko juu ya meza, polepole.

"Mwenye duka, inama unuse. Mwanangu ameila hii, amelala hajiwezi."

Muuza nyama akafukuza nzi, akafuta kisu. "Ungeitia limau, mama. Harufu ingekwisha."

Ukumbi mzima ulipiga yowe la kinyaa. Watu waliziba pua, ilhali mfukoni mlikuwa na matambara tu.

Baadaye bibi alimvuta Kasuku kando.

"Mjukuu wangu, tusi linamchafua anayelitamka, wala halimfichui mwovu. Leo umemfichua. Yule bwana hakutukanwa hata neno moja, lakini mimi kwake sinunui nyama maishani!"