Mkato Kwenye Bawa la Chini

Caritas alikuta bawa limekatwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, Alhamisi ya tarehe 11 Juni, siku mbili kabla ya ndege kurushwa.

Alikuja na kitambaa laini mkononi kufuta vumbi, kama ilivyokuwa desturi yake. Ndege yenyewe ilikuwa kongwe ya mwaka 1917, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yaliyoshikizwa kwa nguzo za mbao na nyaya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza vijana walijifunzia urubani katika ndege za aina hiyo kabla ya kupelekwa Ulaya. Hii iliundwa hapo hapo Buffalo, Marekani, ikaja kuozea ghalani kwa mkulima, mpaka bibi Charlotte alipoinunua na kuiweka katika makumbusho yake madogo nje ya mji. Kuifufua kulichukua miaka miwili. Mbao zote zilikuwa kazi ya mzee Nestori. Kitambaa kilichofunika mabawa kilikuwa kazi ya Caritas, aliyejifunza kushona katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, akiwa msichana.

Sasa kitambaa hicho kilikuwa na mkato wenye urefu wa mkono mzima, katika bawa la chini la kushoto. Kingo zake zilikuwa zimeachana kama midomo.

Hakulia. Aliinama akautazama mkato kwa makini, na kabla hajamwita mtu aliona mambo mawili. La kwanza, mkato ulianzia katikati ya kitambaa na kuishia katikati, kati ya mbavu mbili za bawa, bila kugusa uzi hata mmoja wa mshono wake. La pili, pembeni mwa mkato palikuwa na mstari mwembamba wa penseli, ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

Ndipo akamwita Charlotte.

Charlotte alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, rubani tangu ujana wake, na Jumamosi ndiye angeirusha ndege hiyo mbele ya watu. Aliutazama mkato, kisha akaenda kwenye kompyuta inayoandika kila kadi inayofungua mlango. Akasoma kwa sauti:

"Jana jioni wewe umetoka saa kumi na moja na dakika tano. Nestori kumi na moja na ishirini. Leo alfajiri Mushagalusa ameingia saa kumi na moja na dakika nne, ametoka kumi na mbili na dakika kumi. Nestori ameingia saa moja kamili, mimi saa mbili kasorobo. Basi."

"Jana naondoka bawa lilikuwa zima," Caritas alisema. "Nililifuta mwenyewe."

"Basi ni Mushagalusa. Nimewahi kumwona na kisu mfukoni. Napiga simu polisi."

Mushagalusa alikuwa Mkongo wa Bukavu, msafishaji wa pale alfajiri na mfanyakazi wa ghala la mizigo mchana. Caritas alijua kwamba baada ya wiki tatu mtu huyo angekwenda kuhojiwa kwa ajili ya uraia, jambo alilolisubiri miaka sita.

"Charlotte, nipe hadi saa sita mchana," alisema. "Kitambaa ni changu. Niache nikiulize."

Charlotte alitazama saa yake. "Saa sita. Si dakika moja zaidi."

Saa tatu na nusu Caritas alikuwa mtaa wa Kensington-Bailey, katika nyumba ya kupanga ya Mushagalusa. Nzigire, mke wake, alifungua mlango, na mume akatoka chumbani akiwa tayari amevaa nguo za kazi. Caritas alimweleza yote.

"Miye?" Mushagalusa aliketi polepole. "Bon, dada, sikiya. Nilifagia, nikatosha takataka, nikaenda. Ile ndege sikuigusa hata. Niiguse juu ya nini?"

"Kaka, nionyeshe kisu chako."

Alikitoa mfukoni. Kilikuwa kisu cha plastiki cha kufungulia maboksi, chenye mdomo uliopinda kama ndoano.

"Njo hii. Batupatiaka ku kazi, juu batu basijikate. Wembe iko ndani, haitokake. Lazima uanzishe ku mupaka ya boksi, njo unavuta."

"Huwezi kuanzia katikati?"

"Hapana. Jaribu."

Caritas alikuwa amekuja na kipande cha kitambaa kile kile, kilichopakwa rangi ya kukaza na kuwambwa kwenye fremu ya mbao. Alikandamiza kisu katikati, akakikokota, akakigeuza. Kikateleza tu. Alipokiweka ukingoni, kitambaa kilichanika papo hapo.

"Si wewe," alisema.

"Miye najua si miye," Mushagalusa alijibu kwa uchungu. "Lakini kama polisi banaandika jina yangu leo, donc interview yangu imekufa. Nani atauliza kisu ilikuwa ya namna gani?"

Nzigire alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akimtazama Caritas kana kwamba nyumba nzima ilikuwa mikononi mwake.

Njiani kurudi, Caritas alimfikiria mtu mwingine. Tajiri mmoja wa Westerville, kaskazini mwa Columbus, alitaka kuinunua ndege hiyo akakataliwa, na jana mchana alikuja kuitazama tena. Aliondoka na hasira. Caritas alipofika makumbusho, alimwomba Charlotte ampigie tajiri huyo. Charlotte aliiweka simu kwenye spika. Tajiri yule, mzee tayari, alijibu yuko kwake Westerville tangu jana saa mbili usiku, na aliposikia habari ya bawa akasema kwa sauti iliyobadilika, "Ningeweza kukununulia kitambaa kingine. Mtu wa kufanya hivyo hajui hii ni nini."

"Hana kadi, na jana sikumwacha peke yake hata sekunde," Charlotte alisema baada ya kukata simu. "Si yeye. Na sasa ni saa tano."

Caritas alikwenda kwenye karakana ya nyuma. Mzee Nestori alikuwa akipiga randa ubao usiokuwa na kazi yoyote. Alikuwa Mrundi wa miaka sitini na saba. Waliishi kambi moja zamani, na yeye ndiye aliyemwombea Caritas kazi hapa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umempata?"

"Bado. Asubuhi uliingia saa moja. Hukuona kitu?"

"Nilikuja huku moja kwa moja. Sikuitazama ndege."

"Pole lakini. Ulikuwa ukiingojea sana Jumamosi."

"Aa, mimi Jumamosi nisingekuwepo. Nina tiketi ya basi, naenda Louisville kumwona binti yangu, Nadine."

Caritas alishangaa. Mzee huyu ndiye aliyewaalika watu wote wa kanisani waje waione ndege yake ikiruka. "Tiketi umeikata lini, mzee?"

"Jumanne," Nestori alijibu, na randa ikasimama.

Caritas hakuuliza zaidi. Alirudi kwenye bawa, akawasha tochi, akaingiza mkono ndani ya mkato. Chini yake hasa ilipita boriti ya nyuma, ule mti mrefu unaobeba bawa lote. Pale ambapo vipande viwili vya boriti viliungwa kwa gundi, palikuwa na mkwaruzo mpya, mwembamba, kama mtu aliingiza ncha ya kisu kupima kama gundi imeshika. Aligusa kwa kidole, na punje za gundi kavu zikamwagika kiganjani mwake kama pumba.

Alikaa kwenye ngazi. Mharibifu hachori mstari kabla ya kukata. Mharibifu haheshimu mshono, wala hapimi gundi. Aliyekata ni fundi, alijua anakokwenda, na alitaka kuona.

Saa tano na nusu alirudi karakana, akafunga mlango nyuma yake.

"Mzee, nisamehe. Niende kumweleza Charlotte mimi, au utamweleza wewe?"

Nestori hakujifanya kutoelewa. Aliweka randa mezani.

"Jumatatu nilikuwa nakaza nyaya," alisema. "Nikasikia boriti inalia ndani. Sauti ndogo, kama panya. Nikajua. Ule muungo niliufanya Februari, mashine ya joto ilikuwa imeharibika, mikono yangu imekufa ganzi. Gundi haikushika. Fundi anayejua kazi angengoja joto. Mimi niliona haya kuomba siku zaidi."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nilitaka kukimbia. Ndiyo tiketi. Nilijiambia labda nimesikia vibaya." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini sikulala. Leo asubuhi nikakata ili nione. Nikaona. Nikasema vizuri, bawa likiwa limekatwa yule mama hatapanda."

"Ungemwambia tu, mzee."

"Ningemwambia nini? Kwamba mkimbizi aliyemkabidhi mabawa nusura amuue? Babu yangu alikuwa mpagazi huko Kigoma mwaka 1916. Ndege za Wabelgiji zilipokuja juu ya ziwa kuangusha mabomu, alijitupa kwenye matope. Alitusimulia mpaka anakufa. Mimi mjukuu wake nikapewa niitengeneze ndege ya wakati huo kwa mikono yangu. Wewe hujui nilivyojivuna."

"Najua, mzee. Lakini ulimwacha Mushagalusa."

Hapo ndipo mzee alipoinamisha kichwa.

"Niliwasikia mkimtaja. Ulimi ukawa mzito. Nilisema nitazungumza baada ya dakika tano, kisha tano nyingine." Alivua aproni, akaikunja. "Twende."

Walimkuta Charlotte kando ya ndege, simu mkononi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Nestori alisimama mbele yake akasema yote kwa Kiingereza chake cha polepole, bila kuficha neno. Charlotte aliingiza mkono ndani ya bawa, akaushika muungo, akavuta. Ulitoa mlio mkavu, ukaachana.

Alitoa mkono nje.

"Jumamosi ningekuwa angani na huu," alisema. Kisha akaongeza, "Februari ile, ni mimi niliyechelewa kuita fundi wa kutengeneza mashine ya joto. Na ni mimi niliyewaambia mharakishe." Alimtazama Nestori machoni. "Umeniokoa, na umenidanganya. Yote mawili nitayakumbuka. Lakini aliyekosewa leo si mimi."

"Namjua," Nestori alisema.

Hakwenda Louisville. Jumamosi saa nne asubuhi alikwenda Kensington-Bailey pamoja na Caritas. Charlotte alikuwa ameshampigia Mushagalusa simu Alhamisi ile ile na kuomba radhi, lakini Nestori alitaka kusimama mlangoni mwenyewe.

"Nilikutupa," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mushagalusa alikuwa ameziba mlango. Nyuma yake Nzigire alikuwa anasonga bugali; mwiko ukasimama.

"Mzee, Nzigire, bibi yangu, hakukula ile siku yote," alisema Mushagalusa. "Bon. Ile siku ya interview, utanipeleka na motokari yako. Na utaningoja inje mpaka nitoke. Hata kama ni masaa tano."

"Nitakungoja."

"Basi ingiya. Chakula inapoa."

Nestori alimngoja kwa muda wa saa mbili na nusu, tarehe 2 Julai, akiwa amesimama kando ya gari ingawa jua lilikuwa kali. Mushagalusa alitoka akikimbia kama mtoto, ameinua juu karatasi ya kufaulu.

Nestori aliunga boriti mpya Julai hiyo hiyo, katika joto, mbele ya mkaguzi aliyeipima mara tatu. Caritas akawamba kitambaa upya. Jumamosi moja ya Septemba, Nadine alikuja kutoka Louisville, na mzee wa Westerville akaja na kiti chake cha kukunja. Charlotte alivaa miwani yake, akaonyesha kiti cha mbele.

"Nestori, panda."

"Mimi?"

"Aliyeunga boriti akae juu yake."

Watu walicheka, lakini Charlotte hakuwa anatania. Mzee alivua kofia, akampa binti yake, akapanda. Injini ikakohoa, ikashika. Ndege ilikimbia juu ya nyasi ikirukaruka, kisha miruko ikakoma, na kati ya magurudumu na ardhi pakawa na mwanga.

Caritas alikuwa anatazama bawa la chini la kushoto tu. Lilikuwa limenyooka, limetulia. Kando yake Mushagalusa alikuwa anapiga kelele kwa Kimashi, lugha ya kwao, na Nadine analia. Ndege ikageuka juu ya miti na kurudi, ikapita karibu kiasi kwamba waliuona uso wa mzee Nestori, mdomo wazi. Katika kelele ile ya injini hakuna aliyeweza kusikia, ila Caritas aliyemjua tangu utotoni aliona kwamba alikuwa anaimba.