Dirisha Lililobaki Nje ya Picha

Jioni ile mkaa ulikuwa umeisha. Mama Mbinu alimfunika bintiye blanketi la pili, akamwambia, "Narudi sasa hivi, Kichuna," akachukua kopo na kuvuka barabara kwenda kibandani kwa muuza mkaa. Baridi ilikuwa imebana, na giza lilikuwa linaanza kuingia.

Wengi walimjua kwa mikono na sauti tu. Sura hakuionyesha. Kwenye video zake uliona meza, vidole vikifanya kazi, na kusikia, "Leo nina kambinu kadogo." Aliwafundisha watu kutoa doa la mafuta kwenye shati, kurudisha zipu iliyoacha njia, kuzuia bomba linalodondoka kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kila video aliifunga kwa maneno yale yale: "Ukikwama niulize, nitakujibu." Na kweli alijibu. Hata wale wa kuuliza kama ameolewa aliwajibu, kwa vijembe.

Mmoja tu hakumjibu.

Video iliyompandisha chati ilikuwa ya kupasha chumba joto usiku kucha kwa makaa machache. Weka makaa yaliyokolea kwenye sufuria kuukuu. Yafunike majivu yasiishe upesi. Pindulia juu yake chungu kilichotobolewa kitako. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa tambara, joto lisitoroke. Siku ya kuirekodi dirisha lilikuwa wazi, maana moshi ulimtoa machozi na kutia ukungu kwenye picha. Lakini dirisha lilikuwa nyuma ya simu. Halikuonekana, naye hakulitaja. Wala hakufikiri kwamba ni jambo la kutajwa.

Kisha mtu akaandika chini ya video ile: "Dada yangu alifanya hivi, yeye na mwanawe mchanga. Hawakuamka. Mbona hukusema habari ya dirisha?"

Akaufuta ujumbe. Akamfungia aliyeuandika, asiweze kuandika tena. Akajiambia watu wa mitandaoni wana mengi, huenda ni uzushi. Video akaiacha pale pale, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inamletea watu. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Tangu siku hiyo, kila akimvalisha Kichuna soksi za kulalia alijisikia mwizi, kama vile anamtunza mtoto kwa kitu alichompora mwenzake.

Kibandani alimkuta mwanamke amesimama, amebeba mtoto mgongoni, shuka limemfunika mtoto mpaka kichwani. Muuza mkaa alikuwa ndani akihangaika na magunia.

"Baba, nijazie kopo," Mama Mbinu aliita.

Yule mwanamke akageuka. Alikuwa ananuka majivu... majivu yaliyolowa.

"Wewe ndiye Mama Mbinu," alisema, sauti ya chini. "Nimeijua sauti."

"Ndiye mimi, dada."

"Nakushukuru. Nilifanya kama ulivyosema. Kila kitu." Akasogeza bega kidogo, mtoto aonekane. "Huyu alikuwa halali kwa baridi. Sasa amelala."

Mtoto hakutikisika. Mkono mmoja mdogo ulikuwa umechomoza kwenye shuka, kucha zimejaa majivu.

"Amelala muda mrefu," mwanamke alinong'ona. "Nimekosea wapi?"

Hapo ndipo pa kusema. Sentensi moja tu. Mama Mbinu aliisikia kooni, ikapanda, akaimeza. Akajitia hamnazo.

"Hujakosea, dada. Watoto ndivyo walivyo."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi nitarudia."

Akaondoka. Muuza mkaa akatoka na kopo lililojaa, akamtazama Mama Mbinu kwa jicho la wasiwasi.

"Umemwambia nini yule?"

"Kwani ni nani?"

"Mwanangu, mimi nauza mkaa, siulizi watu makabila. Huja kila magharibi, kopo moja. Asubuhi nakuta kopo hilo hilo hapa mlangoni, limejaa majivu."

Nitarudia... Atarudia wapi?

Mama Mbinu hakungoja kopo lake. Alivuka barabara bila kutazama magari.

Nyumbani kulikuwa kimya. Mlango wa chumba cha Kichuna alikuwa ameuacha wazi. Sasa ulikuwa umefungwa. Chini yake palionekana ncha ya tambara, limesukumwa kutoka ndani.

Akausukuma mlango kwa bega. Ukaachia kidogo, akapenya, nao ukajirudisha nyuma yake.

Joto likampiga usoni.

Katikati ya sakafu palikuwa na sufuria yake kuukuu. Juu yake, chungu. Kwenye tobo la kitako, wekundu. Dirisha la mbao lilikuwa limefungwa. Na pembeni mwa kitanda, mtoto mgongoni, alikuwa ameketi yule mwanamke.

"Sss... analala."

Mama Mbinu alilikimbilia dirisha, akalisukuma, likafunguka. Akageuka kumchukua mwanawe.

Kwiii...

Dirisha likajifunga. Taratibu, kama linavyofungwa na mama asiyetaka kumwamsha mtoto.

Alilifungua tena. Kwiii... Akamnyanyua Kichuna, kichwa kikaanguka nyuma, shingo haina nguvu. Akauvuta mlango. Tambara lilikuwa limekaza kama limepigiliwa misumari. Akachukua kikombe cha maji kilichokuwa kando ya kitanda, akakimwaga kwenye makaa; yakachemka, yakanyamaza, yakawa mekundu tena. Kichwa kilianza kumuuma.

"Fungua, dada yangu, nakuomba. Atakufa."

"Kwenye video hakuna dirisha," mwanamke alisema kwa upole. "Nimeitazama mara nyingi. Hakuna."

Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomvunja Mama Mbinu. Alikuwa mwanafunzi mwema aliyekaa akisubiri mwalimu wake amwambie kilichobaki.

Akaitoa simu. Akabonyeza kurusha moja kwa moja. Kwa mara ya kwanza akaigeuzia usoni kwake.

"Mimi ni Mama Mbinu," alisema, na ulimi ulikuwa mzito. "Video ya makaa... siku ile dirisha lilikuwa wazi. Lilikuwa nyuma ya simu, hamkuliona. Mimi nililijua. Mama na mtoto wake wamekufa kwa sababu sikusema. Nikaambiwa, nikaufuta ujumbe. Nimeonana naye leo, akaniuliza, nikamdanganya tena. Usilale na makaa ndani. Ukiyawasha, fungua dirisha. Fungueni madirisha. Nisameheni... fungua dirisha, dada."

Mwanamke aliinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.

"Kumbe," alisema.

Akainuka. Akapita karibu sana, harufu ya majivu ikapita naye. Akaweka kiganja kwenye ubao wa dirisha.

"Kumbe kulikuwa na dirisha."

Akalifungua. Baridi ikamiminika ndani, na tambara likalegea mlangoni. Mikononi mwa Mama Mbinu, Kichuna akakohoa. Akakohoa tena, kisha akalia, na mama yake akalia naye. Alipoinua macho, pembeni mwa kitanda hapakuwa na mtu.

Kwenye zahanati, muuguzi alimweleza kuwa hewa ya makaa humvuruga mtu akili, akaona yasiyokuwepo na kutenda asiyoyakumbuka. Huenda sufuria ile aliiwasha kwa makaa ya mwisho na kuiingiza chumbani yeye mwenyewe, kabla ya kutoka. Huenda. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa majivu, naye hakuweza kuapa kwamba sivyo.

Video ya zamani aliiondoa. Ile mpya aliiacha, uso wake wazi. Watu walimtukana, wakamwita muuaji, naye hakubishana na yeyote. Alimfungulia yule aliyemfungia, akamwandikia kumwomba radhi. Hakujibiwa, wala hakutegemea kujibiwa.

Siku ya pili magharibi, simu ikalia kidogo. Chini ya video mpya palikuwa na swali, limetoka kwa mtu mwenye picha ya mtoto mchanga aliyefungwa kwenye shuka.

"Nimefungua dirisha, dada. Bado amelala. Hatua inayofuata ni ipi?"

Kidole chake kilikwenda penye kufuta, kwa mazoea. Akakirudisha.

Tangu hapo swali huja kila magharibi, kwa maneno yale yale. Mama Mbinu hulisoma hadi mwisho. Hukaa kitandani kwa Kichuna, dirisha wazi, baridi ikiwapiga wote wawili, akaanza kuandika jibu. Huandika "Dada," akasimama hapo. Aliahidi kwamba kila atakayekwama atamjibu, na kambinu ka hilo hana.